Mchoraji, mwanahisabati na mwenye magari: je, akina Ferrari ni ukoo mmoja?

Msomaji mmoja wa Same ameniandikia hivi: "Mwanangu amekuja na kitabu cha hisabati chenye habari za Ferrari aliyepata njia ya kutatua milinganyo ya kipeo cha nne. Mimi nikadhani ni yule wa magari, kumbe huyu alikufa zaidi ya miaka mia tatu kabla gari halijatengenezwa. Wiki hiyo hiyo nikaona picha ya kanisani imechorwa na Ferrari mwingine. Sisi Upareni ukimsikia mtu anaitwa Mshana, unajua ni wa ukoo gani. Hawa nao ni ukoo mmoja? Na jina lenyewe lina maana gani?"

Hapana ndugu yangu, si ukoo mmoja. Ila umenirahisishia kazi kwa kumtaja Mshana, maana kama ningetafuta mfano mwenyewe nisingepata ulio bora kuliko huo. Wazee wa kwenu wanajua kwamba Washana walikuwa wahunzi. Ndio waliofua chuma Ugweno na kutawala huko kabla Wasuya hawajawapokonya utawala. Na Ferrari, kwa Kiitaliano cha kaskazini, maana yake ni hiyo hiyo: wahunzi. Asili yake ni neno la Kilatini *ferrum*, yaani chuma, na *ferrarius*, mtu wa chuma.

Ila angalia ni kipi kilitangulia. Washana ni ukoo, na kazi ikakaa ndani ya ukoo. Kwa Waitaliano kazi ilikuwapo kwanza, jina likaja kuganda juu yake, na liliganda mahali pengi ambapo watu hawakujuana kabisa. Kila kijiji cha bonde la mto Po kilihitaji mtu mmoja wa kufua majembe, kupigilia vyuma kwenye kwato na kunoa miundu. Kijiji kikiwa na Pietro watatu, mmoja wao akiwa na fuawe na mivukuto, utamtofautishaje na wenzake? Utasema Pietro mhunzi. Katika kijiji cha pili, mwendo wa siku mbili kutoka hapo, kulikuwa na Giovanni mhunzi ambaye hajawahi kusikia habari za Pietro. Wajukuu wa wote wawili leo wanaitwa Ferrari.

Ile *i* ya mwisho nayo ina kisa chake. Hati za zamani ziliandikwa kwa Kilatini na wanasheria wa mji, na mtu alitambulishwa kwa baba yake: *Petrus filius Johannis ferrarii*, Pietro mwana wa Giovanni mhunzi. Neno "mhunzi" hapo limevaa umbo la umilikaji, linaishia na *i*. Nyingine ziliandika *de Ferrariis*, yaani wa kina mhunzi, wa nyumba ya wahunzi. Kwa hiyo Ferrari si "mhunzi" hasa, ni "wa kina mhunzi". Sisi tunaosema kina Juma na kina Mwanaidi hatuna haja ya kuelezwa zaidi.

Mpaka hapo jina lilikuwa bado laini, mtoto wa mhunzi akiwa mwokaji mikate angeweza kuitwa kwa mikate. Kilicholikaza ni karatasi. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki uliofungwa mwaka 1563, uliwaagiza mapadri wa parokia waweke daftari za ubatizo na za ndoa, hasa ili ndugu wa karibu wasioane. Padri akishaandika Ferrari kwa baba, anaandika Ferrari kwa mtoto, hata kama huyo mtoto hajawahi kushika koleo. Ndiyo maana Italia leo ina makarani, madaktari na wauza viatu wengi wanaoitwa wahunzi, na jina lenyewe hutajwa karibu kila orodha miongoni mwa matatu ya kwanza kwa wingi nchini, pamoja na Rossi na Russo.

Tena hao ni wa umbo moja tu. Ukishuka kusini utakuta Ferraro. Piemonte wana Ferrero, akiwemo yule wa mji wa Alba ambaye kampuni yake ndiyo ya Nutella, na wana Ferraris pia. Milano ni Ferrario. Ukienda upande wa Venezia neno jingine la Kilatini kwa fundi, *faber*, limezaa Favaro na Favero, Friuli wana Fabris, na Bologna wamejaa Fabbri. Ukitoka nje ya Italia kuna Smith, Schmidt, Lefebvre wa Ufaransa na Kovács wa Hungaria. Kwa Waarabu kuna Haddad, jina ambalo msomaji wa pwani analitamka kila akiitaja Ratibu ya Haddad, ya Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim aliyefariki mwaka 1720. Masimulizi ya ukoo wake yanasema babu aliyelianzisha jina hilo hakuwa mhunzi. Alipenda tu kwenda kukaa kwenye karakana ya mhunzi. Jina lilimkuta kibarazani, tuseme.

Sasa tuwaendee watu wenyewe.

Wa mwanao ni Ludovico Ferrari, aliyezaliwa Bologna mwaka 1522. Alikuwa yatima akilelewa na baba yake mdogo. Binamu yake, Luca, alipelekwa Milano kuwa mtumishi wa daktari Gerolamo Cardano, kazi ikamshinda, akatoroka kurudi nyumbani. Baba mtu alipoandikiwa kwamba mtoto arudishwe, akaamua kumpeleka yatima badala ya mwanawe. Ndivyo Ludovico alivyofika kwa Cardano mwishoni mwa mwaka 1536, akiwa na miaka 14, kufagia na kuteka maji. Cardano akagundua kwamba kijana anajua kusoma na kuandika, akamtoa kwenye ufagio akamfanya karani wake, kisha mwanafunzi, kisha mwenzake.

Mwaka 1540 Cardano aliletewa swali lililomshinda. Gawanya 10 katika sehemu tatu zinazofuatana kwa uwiano mmoja, na ya kwanza ukiizidisha kwa ya pili upate 6. Chukua kalamu tuone. Ya kati iite x. Ya kwanza itakuwa 6/x, ya tatu x³/6. Zijumlishe zifike 10, zidisha kote kwa 6x, unapata x⁴ + 6x² + 36 = 60x. Hapo ndipo wakubwa walipokwama. Ludovico akaongeza 6x² pande zote mbili, upande wa kushoto ukawa mraba kamili: (x² + 6)² = 60x + 6x². Bado upande wa kulia si mraba. Akaingiza herufi ya pili, y, akaongeza kiasi cha 2y(x² + 6) + y² pande zote. Kushoto kunabaki mraba vilevile, na y utaichagua wewe ili kulia nako kuwe mraba. Ukitafuta ni y ipi inayofaa unaangukia kwenye y³ + 15y² + 36y = 450. Yaani fumbo la kipeo cha nne ameligeuza kuwa la kipeo cha tatu. Mwambie mwanao afanye hatua hizo mwenyewe kwenye daftari, zinatosha ukurasa mmoja, na aliyezipata alikuwa na miaka 18.

Tatizo likawa hilo la kipeo cha tatu. Njia yake Cardano alikuwa ameipata mwaka 1539 kwa Niccolò Tartaglia wa Brescia, na alikuwa ameapa kutoitangaza. Ugunduzi wa kijana ukawa umefungwa ndani ya kiapo cha bwana wake. Mwaka 1543 wawili hao walisafiri hadi Bologna, wakaonyeshwa daftari la marehemu profesa mmoja aliyekuwa na njia hiyo hiyo miaka mingi kabla ya Tartaglia. Profesa huyo aliitwa Scipione del Ferro. Del Ferro, yaani "wa chuma". Si ndugu yake Ferrari hata kidogo, ila lazima ukubali kwamba chuma kilikuwa kimeizunguka hisabati ile kila upande. Cardano akaona kiapo kimemwachia, akachapisha yote mawili mwaka 1545 na kila mmoja akampa sifa yake.

Tartaglia alichachamaa. Huyu naye ana la kutufundisha kuhusu majina, kwa sababu Tartaglia si jina la ukoo, maana yake ni "kigugumizi". Wafaransa walipouteka mji wa Brescia mwaka 1512 askari alimkata panga usoni akiwa mtoto, akabaki na kovu na ulimi mzito, watu wakamwita hivyo, naye akalitumia mpaka kwenye majalada ya vitabu vyake. Alitaka kubishana na Cardano, lakini Cardano alikaa kimya, akamwachia Ludovico. Zikatembea barua za hadharani, za kutusiana kwa ufasaha, kisha tarehe 10 Agosti 1548 wakakutana kanisani Milano mbele ya watu. Ludovico alikuwa nyumbani, mdomo mwepesi, ana mashabiki wake. Tartaglia aliondoka kabla ya mdahalo kwisha. Baada ya hapo Ludovico alipata kazi yenye pesa ya kukadiria kodi upande wa Milano, akarudi Bologna kufundisha, akafariki mwaka 1565 akiwa na miaka 43. Inasemekana alilishwa sumu, na aliyenyooshewa kidole ni dada yake mwenyewe, Maddalena.

Mchoraji uliyemwona, nadhani ni Gaudenzio Ferrari, maana ndiye mkubwa wao. Alizaliwa Valduggia, kwenye mabonde ya chini ya Alpi, yapata mwaka 1475. Bologna ni mbali sana na huko, na hakuna uzi wowote wa damu unaojulikana kati ya mabonde yale na yatima wetu. Kazi yake ya kutazamwa kwa macho iko Varallo. Ndani ya kanisa la Wafransisko ukuta mzima unaokata kanisa katikati ameujaza picha 21 za maisha na mateso ya Yesu, ile ya msalabani ikiwa kubwa kuliko zote, akamaliza mwaka 1513. Mlimani juu ya mji kuna vikanisa vingi vyenye sanamu za ukubwa wa mtu, nyingine zina nywele halisi, na nyuma yake ukuta umechorwa umati unaoendelea. Ukichungulia inakuwa taabu kujua sanamu imeishia wapi na picha imeanzia wapi. Huyo ndiye Gaudenzio.

Wengine nitawapitia mbiombio. Venezia palikuwa na mchapaji wa vitabu, Gabriele Giolito de' Ferrari. Siena ikamtoa Giovanni Battista Ferrari, padri Mjesuiti aliyefundisha Kiebrania na bado akapata muda wa kuandika kitabu kizima, mwaka 1646, kuhusu machungwa, malimau na jamaa zake. Reggio Emilia ikamtoa Benedetto Ferrari, mpiga tiorba, chombo cha nyuzi mfano wa gambusi lililorefushwa shingo. Mwaka 1637 yeye na mwenzake Francesco Manelli walifungua jukwaa la San Cassiano huko Venezia kwa opera ambayo yeyote angeweza kuiona mradi alipe kiingilio. Kabla ya hapo opera ilikuwa ya majumba ya wakuu. Benedetto alijulikana kama *dalla Tiorba*, "wa tiorba". Ferrari wakiwa wengi, jina linaacha kutofautisha, na watu wanarudi kulekule walikoanzia: wanakuita kwa kazi yako.

Kuna wawili ninaowapenda wakiwekwa pamoja. Mchongaji Ettore Ferrari ndiye aliyetengeneza sanamu ya Giordano Bruno inayosimama Campo de' Fiori, Roma, pale pale Bruno, mwanafalsafa aliyehukumiwa na Kanisa kwa uzushi, alipochomwa moto mwaka 1600. Ilizinduliwa mwaka 1889 na kumkera Papa kwelikweli. Ettore baadaye akawa mkuu wa Freemason wa Italia, na hiyo kwao ilikuwa siasa ya wazi, si zile hadithi za utajiri wa ghafla zinazosimuliwa vijiweni kwetu. Wakati yeye anaongoza huko, kiti cha askofu mkuu wa Milano kilikaliwa na Kardinali Andrea Carlo Ferrari, mtoto wa kijijini Parma, ambaye Kanisa lilimtangaza mwenye heri mwaka 1987. Kama jina lingekuwa ukoo, ningeomba nialikwe kwenye kikao chao kimoja tu.

Halafu yupo aliyekuwa na jina na akakwepa urithi wake. Raffaele de Ferrari, bwanyenye wa Genova na mtawala wa Galliera kwa cheo, ndiye mwenye uwanja mkuu wa mji ule, Piazza De Ferrari, na alitoa lire milioni 20 kwa ajili ya bandari. Mwanawe Philipp hakutaka vyeo vya baba. Alijiandika Ferrary, akaasiliwa na ofisa wa Austria, na fedha akazimalizia kwenye stempu. Alikuwa na ile ya senti moja ya British Guiana, ambayo ni ya pekee duniani na mwaka 2021 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 8. Alifariki mwaka 1917. Ufaransa ikaukamata mkusanyiko wake kama mali ya adui na kuupiga mnada kwa miaka kadhaa.

Kabla sijafika kwenye magari, kuna mmoja ambaye huenda aliingia nyumbani kwako. Unaikumbuka mita ya umeme ya zamani, kabla ya LUKU? Ile yenye kioo, na ndani sahani nyembamba ya alumini iliyolala, yenye alama ya rangi ukingoni. Ukiwasha pasi sahani inakimbia, ukizima inajikokota. Haikushikwa na waya wowote. Iliyokuwa ikiisukuma ni sumaku inayohama: koili mbili, moja ya volti na moja ya mkondo, zinapishana kidogo kwa wakati, na kupishana huko kunaamsha umeme ndani ya sahani yenyewe hadi inavutwa izunguke. Wazo la sumaku inayozunguka bila kitu chochote kuzungushwa kwa mkono alilipata Galileo Ferraris, mwalimu wa Torino, mwaka 1885, na akaliwasilisha mbele ya chuo cha sayansi cha mji huo Machi 1888, wiki chache kabla hataza (hati za kulinda uvumbuzi) za Nikola Tesla, aliyekuwa na wazo kama hilo, hazijatolewa Marekani. Ferraris hakukata hataza yoyote. Wajerumani hadi leo huziita mita zile mita za Ferraris, na kijiji alichozaliwa kikabadilishwa jina kikawa Livorno Ferraris. Mji kupewa jina la mhunzi wa kuandikwa tu, ambaye alifua sumaku!

Na sasa Enzo. Alizaliwa Modena mwaka 1898, na hapa ndipo jina linapokutana na kazi tena, kwa bahati tu. Babu yake wa Carpi alikuwa muuza duka. Lakini baba yake, Alfredo, alikuwa na karakana ya vyuma pembeni ya nyumba, akitengeneza vipuri vya shirika la reli. Mtoto alikua akisikia nyundo. Mwaka 1916 baba na kaka yake wote walifariki. Enzo akaitwa jeshini, kikosi cha mizinga ya milimani, na kazi aliyopewa ilikuwa kuwapigilia nyumbu vyuma vya kwato. (Nyumbu wa punda na farasi, si wale wa Serengeti.) Ferrari maarufu kuliko wote, kwa miezi kadhaa, alikuwa *ferrarius* kama yule wa hati za Kilatini, ameinama chini ya mnyama na misumari mdomoni.

Mwaka 1929 alianzisha timu ya mashindano, Scuderia Ferrari, iliyoendesha magari ya Alfa Romeo. Mwaka 1939 waliachana, na mkataba wa kuachana ulimkataza kulitumia jina Ferrari kwenye mashindano au magari ya mashindano kwa miaka minne. Jina ambalo kila mtaa wa Modena ulikuwa nalo, yeye peke yake alikatazwa. Gari lake la kwanza mwenyewe, la mwaka 1940, liliitwa 815 bila jina la mtu. Gari la kwanza lililoandikwa Ferrari lilitoka mwaka 1947.

Ukiniuliza hao wa magari wenyewe ni ukoo wa namna gani, jibu nalo si rahisi. Enzo alikuwa na mtoto wa ndoa, Alfredo, aliyeitwa Dino, akafariki mwaka 1956 akiwa kijana wa miaka 24. Mwingine, Piero, alizaliwa mwaka 1945 nje ya ndoa, akalelewa kwa jina la mama yake, Lardi. Damu ilikuwa ya Enzo na mji mzima ulijua, ila mpaka mke wa Enzo, Laura, alipofariki mwaka 1978, Piero hakuwa Ferrari kwenye karatasi. Fiat ilikuwa imeshanunua nusu ya kampuni mwaka 1969, ikaongeza hadi asilimia 90 Enzo alipofariki mwaka 1988. Asilimia 10 iliyobaki ilikuwa ya Piero, ambaye wakati huo tayari alikuwa anasaini Ferrari.